Mrejesho: mashua ya marehemu baba imerudi majini

Wakuu, miezi miwili iliyopita niliuliza kama naweza kupaka rangi mpya juu ya ile inayobanduka kwenye mashua ya kuvulia aliyoniachia marehemu baba, hapa Pangani. Wengi mlinikataza, na mlikuwa sahihi.

Tuliipandisha ufukweni kwa maji ya bamvua, yaani maji makuu yanayojaa sana, tukaiweka chini ya kivuli cha makuti. Nilipokwangua, chini ya rangi mbao ilikuwa bado na unyevu, chumvi imeganda nyeupe kama unga. Ndiyo maana rangi haikushika! Nikaiosha kwa maji ya kisima, nikaiacha ikauke wiki tatu, kisha msasa mpaka mbao ikaonekana. Kaka uliyesema nisiianike juani isije ikapasuka, Mungu akubariki.

Kalafati, yaani kuziba nafasi kati ya mbao kwa pamba, nilimwachia fundi mzee. Alichokoa pamba yote iliyooza, akapachika mpya iliyolowa mafuta ya nazi, akiigonga taratibu kwa nyundo ya mti. Kwa juu nimepaka sifa, yale mafuta ya ini la papa, mara mbili. Harufu ya papa haijanitoka mikononi, ila mbao imeiva wekundu ule ule ninaoukumbuka tangu utotoni. Sehemu inayozama tumepaka deheni, ule mchanganyiko wa chokaa na shahamu, tukiisugua kwa viganja.

Jumamosi tumeishusha. Siku ya kwanza ilivuja, nikaingiwa na hofu, fundi akasema, "Subiri, mwanangu, mbao zinywe maji kwanza." Jana alfajiri nimekuta ngama, yaani chini kabisa ndani ya mashua, ni kavu. Mama alikuja ufukweni, akaishika omo, ile sehemu ya mbele ya mashua, akakaa kimya muda mrefu.

Asanteni sana.