Tupeane uzoefu: Moshi ya reli na kahawa, uliikutaje, na mgeni unampeleka wapi?

Wakuu, habari za jioni.

Mgeni akija Moshi siku hizi analala usiku mmoja, alfajiri anapakiwa kwenye gari kwenda Machame au Marangu kupanda Kilimanjaro, akishuka mlimani anakimbizwa uwanja wa ndege wa KIA. Mji wenyewe haujui kabisa, na mimi jambo hili linaniuma. Boma la Wajerumani lilikuwa juu, Old Moshi. Reli kutoka Tanga ilipofika huku tambarare mwaka 1911, mji ukashuka kuifuata, ndiyo Moshi hii tunayokaa. Juu kwenye vihamba, yale mashamba ya familia ya Wachaga, kulikuwa na kahawa iliyoletwa na wamisionari wa Kilema mwishoni mwa karne ya 19. Wakulima wakaunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, chama kikuu cha ushirika wa wakulima wa kahawa. Kahawa ikashuka, reli ikaibeba, mji ukakua.

Naanza mimi. Baba yangu alikuwa kibarua wa maghala ya kahawa. Msimu ukiwa mzito alirudi nyumbani na vumbi la maganda kwenye nyusi, na shati lake lilinuka gunia la katani hata likifuliwa. Alinifundisha kuijua kahawa nzuri: unazichota punje kiganjani, unatazama rangi ya kijani yenye ubuluu, unazinusa. Ikinuka uvundo, basi ilianikwa vibaya. Mgeni wangu namwanzishia Mnara wa Saa, tunapita jengo la KNCU, halafu tunateremka hadi stesheni. Nyie je?

Bibi wa Kibosho:
Marahaba wanangu wote. Mwanangu umesema vizuri, lakini umeanzia kwenye gunia. Kazi ilianzia kwetu. Tulichuma zile nyekundu tu, jioni hiyohiyo tunamenya kwa mashine ya mkono, mmoja anazungusha, mwingine anamimina maji. Kahawa inalala kwenye pipa ichachuke, ule utelezi utoke, asubuhi tunaiosha kwa maji ya mfongo, ule mfereji wa asili, na kuianika kwenye vichanja. Mvua ikitishia mnakimbia kufunika, hata kama ugali uko jikoni. Kisha unaibeba kichwani hadi chama cha msingi, inapimwa, unapewa stakabadhi. Malipo ya kwanza yalinunua chumvi na mafuta ya taa. Malipo ya pili ndiyo ada ya shule. Wanangu wote walisoma kwa kahawa, na naona fahari kulisema.

Mambo yalipobadilika tuliyaona kwenye mizani. Mwaka 1989 makubaliano ya dunia ya kugawana soko la kahawa yalivunjika, bei ikaanguka. Dawa za chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa, zikawa ghali kuliko tunachouza. Majirani waling'oa mibuni wakapanda mahindi na nyanya. Mimi nilibakisha mibuni ya chini ya migomba, na hiyo ipo hadi leo.

Mstaafu wa Reli:
Shikamoo bibi.
Naongezea upande wa reli, maana wengi hudhani ilikuwa njia moja tu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walijenga reli kutoka Voi, ikaja kuungana na hii yetu pale Kahe. Kwa hiyo mzigo wa Kilimanjaro ulikuwa na milango miwili baharini, Tanga na Mombasa. Mwaka 1929 njia ikafika Arusha. Dar es Salaam hatukuunganishwa kwa reli mpaka mwaka 1963, kilipojengwa kipande cha Mnyusi hadi Ruvu.

Kahe usiku palichangamka. Treni ikisimama, akina mama wanakuja madirishani na ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha na chai kwenye birika. Katikati ya miaka ya 1990 treni ya abiria ikasimama, na vituo vile vikapoa, nyasi zikaota katikati ya reli. Iliporudi Moshi mwaka 2019, nilikwenda stesheni na wajukuu. Watu wazima walikuwa wanalia waziwazi, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mwaka uliofuata ikafika Arusha. Mgeni mwenye nafasi mshaurini aje kwa treni kutoka Dar, aione Milima ya Pare taratibu.

Kijana wa Uru:
Shikamooni wazee wangu. Mimi natembeza wageni Materuni. Watu wanakuja kwa ajili ya maporomoko, ila wanachokizungumza wakiondoka ni kahawa. Tunatwanga kwenye kinu huku tunaimba, tunapepeta, tunakaanga kwenye chungu juu ya kuni mpaka zianze kualika, tunatwanga tena, tunachemsha. Mgeni anakunywa kitu alichokishika mwenyewe tangu kwenye maganda. Kipato hiki kimewarudisha baadhi ya vijana wenzangu kwenye mibuni ya babu zao. Siyo wote, lakini naiona.

Mama Njoro:
Msisahau msitu wa Rau, upo hapahapa mjini na wenyeji wengi hawajaingia. Kuna mvule mkubwa ajabu, na ukivuka unatokea kwenye mashamba ya mpunga. Chemchemi ya Chemka nako pazuri, maji ya uvuguvugu, unaona hadi chini, ila wikendi panajaa sana.

Mjukuu wa Old Moshi:
Wakuu, mkimpeleka mgeni popote, mpandisheni na Old Moshi. Pale Tsudunyi ndipo Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli, mtawala wetu wa Kichaga, mwezi Machi 1900 pamoja na viongozi wengine. Inaelezwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani, na familia haijaacha kukitafuta. Historia ya Moshi ikianzia kwenye reli ya 1911, hawa wanaachwa nje, na sisi hatukubali waachwe.

Mwanzisha mada:
Asante mjukuu, hilo nalipokea kwa mikono miwili. Basi ratiba yangu naibadilisha: asubuhi Old Moshi kwanza, mchana tunashuka mjini, KNCU, sokoni Mbuyuni, stesheni, jioni kahawa. Bibi wa Kibosho, ukiruhusu wageni waione hiyo mibuni yako, niandikie pembeni tupange. Na waliosoma Chuo cha Ushirika miaka ya nyuma bado hatujawasikia, karibuni.