Mjadala: Kwa nini fasihi ya shule ni msiba mtupu? Vitabu vya kuchekesha viingie

Wadau, nawasalimu kutoka Dodoma. Leo nimekuja na shari.

Kwa miaka mingi mwanafunzi wa sekondari amesomeshwa fasihi ya Kiswahili kwa vilio. Riwaya ya Watoto wa Mama Ntilie: watoto wanafukuzwa shule kwa kukosa sare na ada, wanaishia jalalani. Kilio Chetu: jina tu linatosha. Tamthilia ya Orodha: binti kafa kwa UKIMWI. Mtoto anatoka darasani kama anatoka matangani, halafu tunashangaa akimaliza kidato cha nne hashiki tena kitabu, kahamia kwenye klipu za vichekesho kwenye simu. Nataka kila kidato kiwe na angalau kitabu kimoja cha kuchekesha, na kisomwe kwa ajili ya kucheka.

Msiniambie havipo. Ngoswe, tamthilia ya Edwin Semzaba, imekuwamo miongoni mwa vitabu hivyo hivyo vya shule. Karani wa sensa katumwa kijijini kuhesabu watu, macho yakamganda kwa Mazoea, binti wa Mzee Mitomingi. Sensa ikageuka mapenzi, mzee akachoma makaratasi ya serikali. Niliiona ikichezwa kwenye bwalo la shule moja mkoani hapa. Kijana aliyecheza Mitomingi alivaa koti linalomfika magotini, na kila akisahau maneno alikohoa kwa ukali huku akimtolea Ngoswe macho. Watu hawakuwa na mbavu. Wiki iliyofuata zoezi la darasani likawa: taja dhamira nne. Hakuna aliyeulizwa alicheka nini.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu, Kondoa
Mtoa mada, unaongea ukiwa kivulini. Mimi nina darasa limejaa hadi mlangoni na nakala za kuhesabu kwa vidole. Kicheko nitakisahihishaje? Tena kicheko kinachakaa, misemo ya mtaani ya mwaka juzi leo haimchekeshi mtu. Na nani kakudanganya kwamba Orodha haichekeshi? Barua ya marehemu inataka kusomwa mazishini, wanaume waliopita kwake wanahaha isisomwe, kila mmoja akidhani jina lake limo. Hapo darasa langu hucheka mpaka mwalimu wa chumba cha pili anagonga ukuta.

Muuza vitabu, Majengo
Mnasahau pesa. Mchapishaji anaishi kwa oda za shule. Ukimpelekea riwaya ya kuchekesha atakuuliza, itapita kwa matumizi ya shule? Haipiti, basi inabaki kwenye kompyuta yako. Hata Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyoanza kutolewa 2023, ina riwaya na ushairi. Kipengele cha vichekesho sijakiona. Mezani kwangu vinavyoondoka vyenyewe ni vitabu vya mpelelezi Bwana Msa, vya Muhammed Said Abdulla. Kuna mzee mstaafu alifungua Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu cha 1960 hicho, akasoma amesimama juani, akacheka peke yake, akalipa bila kuomba punguzo. Kwa wastaafu wa hapa, huo ni muujiza.

Msomaji, Mpwapwa
Turudishieni Abunuwasi. Kaazima sufuria: akisema imezaa mwenye sufuria anapokea, akisema imekufa anakataa. Mikopo ya mtandaoni yote imo humo.

Mtoa mada
Mwalimu wangu, silaha umenipa mwenyewe. Basi mtihani uulize: kwa nini tunawacheka wale wanaume mazishini? Anayejibu vizuri ameshaeleza kejeli, wahusika na dhamira zako nne. Kuhusu kuchakaa nakukatalia. Kwenye sensa ya 2022, mtaani kwetu karani akibisha hodi anaitwa Ngoswe, na wenye mabinti walikuwa wanajibia mlangoni.

Halafu tusisahau tuko kwao Mathias Mnyampala, Mgogo aliyetupa ngonjera. Mjinga na mjuzi wanabishana, mwisho mjinga anaelimika. Siasa tupu, najua. Lakini shuleni nafasi iliyogombewa ilikuwa ya mjinga, kwa sababu ndiye aliyekuwa na maneno matamu.

La muuza vitabu ndilo gumu. Kwa hiyo nauliza: nani anaweza kututajia riwaya ya Kiswahili ya baada ya mwaka 2000 inayovunja mbavu? Sitaki ya kutabasamu. Nataka ile ambayo ukiisoma kwenye treni ya SGR, abiria wa pembeni anahama kiti.