Naomba ushauri: faiba inaungua karibu na ekzosi

Wakuu, habari za saa hizi. Nina karakana ndogo Kigamboni, natengeneza vitu vya faiba (nyuzi za kioo zilizoshikwa kwa gundi). Kifuniko cha injini ya boti nilichomtengenezea mteja kimerudi baada ya miezi minne: upande wa ekzosi umekuwa kahawia kama chai ya mkandaa, ukikwaruza kwa ukucha nyuzi zinachomoza kama manyoya. Najua nyuzi za kioo haziogopi joto hilo. Kinacholiwa ni rezini, yaani ile gundi inayoshika nyuzi; oksijeni ya hewani inaikatakata kuanzia juu, kisha nyufa zinapitisha oksijeni ndani zaidi. Nilitumia rezini ya poliesta ya kawaida, kosa langu, nilibana bei. Sasa nihamie rezini ya aina nyingine, vinailesta au fenoliki? Au nikiweka bati la alumini na kuacha nafasi ya hewa inatosha? Mteja anakitaka Jumamosi.