Kilomita za ujazo 60, miliari 60 na bilioni 60: je, ni kitu kimoja?

Mwanafunzi wa Himbi, Goma

Salamu kwenu nyote. Ninaandaa kazi ya shule juu ya gesi ya metani iliyomo katika Ziwa Kivu, na makadirio ya wingi wake yamenichanganya. Kitabu cha Kifaransa kinasema miliari 60 za mita za ujazo, makala ya Kiswahili kutoka Tanzania inasema bilioni 60, na kwenye mchoro mmoja imeandikwa 60 km³. Darasani tulifundishwa kwamba bilioni moja ni miliari elfu moja, kwa hiyo huyo ndugu wa Tanzania ameongeza gesi mara elfu ndani ya ziwa lile lile. Nami nilizidisha 60 kwa 1000, kwa kuwa kilo ni elfu, nikapata mita za ujazo 60,000 tu. Naomba mnieleze ni nani aliyekosea, na hivi viambishi vya kilo, mega na giga hushikwa vipi.

Mwalimu wa fizikia, Bukavu

Mdogo wangu, maandishi yote matatu yanasema jambo moja. Aliyekosea ni wewe, na kosa lako ninalisahihisha kila mwaka kwenye karatasi za mtihani. Ile 3 ndogo haikukaa juu ya mita peke yake, bali imekamata neno zima, kilo pamoja na mita. Fikiria sanduku lenye urefu, upana na kimo cha kilomita moja, kisha ulijaze masanduku ya mita moja moja: mstari wa kwanza utachukua 1000, sakafu nzima itachukua mistari 1000, yaani masanduku milioni moja, na ili ufike juu utahitaji sakafu 1000 za namna hiyo. Hapo umepata 1,000,000,000, na kila kisanduku kimoja kingemeza bidoni 50 za maji za lita 20. Hizo 60,000 zako zingeenea zote katika sanduku la mita 40 kila upande, ambalo lingekaa ndani ya uwanja wa mpira na nafasi ikabaki.

Kuhusu bilioni, mwalimu wako hakukosea, wala Mtanzania hakukosea. Sisi tumerithi hesabu ya Kifaransa, ambamo baada ya milioni inakuja miliari, na bilioni ni milioni mara milioni. Ufaransa iliithibitisha hesabu hiyo mwaka 1961. Marekani huita bilioni kile tunachokiita miliari, serikali ya Uingereza ikaifuata mwaka 1974, na Kiswahili cha Dar es Salaam na Nairobi kinahesabu hivyo hivyo. Viambishi vimeuepuka ugomvi huu, kwa sababu giga ni 1 yenye sifuri tisa popote uendapo.

Kuvishika si kazi kubwa. Kilo, mega, giga na tera hupanda kwa elfu elfu. Mili, mikro na nano hushuka vivyo hivyo. Wafaransa walipoanzisha viambishi vya kwanza mwaka 1795, walichukua maneno ya Kigiriki kwa kuzidisha na ya Kilatini kwa kugawa, ndiyo maana kilo na mili zote asili yake ni "elfu" lakini zinaelekea pande mbili tofauti. Orodha bado inakua, kwani mwaka 2022 ziliongezwa ronna na quetta, ambazo sitarajii kuzihitaji darasani.

Ila chunga herufi kubwa na ndogo. Kituo cha umeme cha Ruzizi I hapa kwetu kina uwezo wa karibu MW 30, yaani megawati. Ukiandika mW 30, yaani miliwati, umebaki na umeme wa kuwasha kitaa kidogo chekundu cha redio.

Muuguzi, Goma

Naongeza jambo moja kutoka kazini. Mama wajawazito hupewa asidi ya foliki, na kipimo kinachopendekezwa kwa siku ni mikrogramu 400. Boksi moja huandikwa 400 µg, jingine 0.4 mg, na nimewahi kumwona mama akikataa la pili kwa kudhani ni dawa dhaifu mno. Ni kipimo kile kile. Hatari kubwa iko kwenye maandishi ya mkono, ambapo µ iliyoandikwa vibaya hugeuka m na dawa ikazidi mara elfu. Kwa hiyo mimi huandika "mikrogramu" kwa herufi zote, hata wagonjwa wakiwa wengi mlangoni.

Fundi wa simu, Birere

Kwangu malalamiko ni mengine: mteja ananunua kle ya USB (flashi) ya giga 64, anaichomeka kwenye kompyuta, inaonyesha 59 na kitu, anarudi akisema nimemwibia. Mtengenezaji amehesabu kwa 1000, lakini kompyuta nyingi huhesabu kwa 1024 huku zikiendelea kuandika giga. Tangu 1998 kuna viambishi vyake maalumu, kibi, mebi na gibi, ila sijapata mteja anayeniomba gibi.

Mwanafunzi wa Himbi, Goma

Asante sana, Mwalimu, pamoja nanyi nyote. Nimesahihisha. Limebaki moja: je, kiambishi hekto kilichomo katika hektari nacho kinapandishwa kipeo?

Mwalimu wa fizikia, Bukavu

Hapana. Ari yenyewe tayari ni eneo, mita 10 kwa mita 10, na hekto inaizidisha mara 100 tu, ndipo unapopata mita za mraba 10,000. Lakini ukiandika hm², yaani hektomita ya mraba, hapo kipeo kinaikamata hekto pia: mita 100 kwa mita 100, nawe unarudi kwenye shamba lile lile.