Naomba ushauri: "stagnation" kwenye makala ya uchumi niandikeje?

Kalamu Nyepesi:
Wakuu, habari zenu. Natafsiri makala ya uchumi wa dunia, na hili neno "stagnation" linajirudia karibu kila aya. Mimi naona "mdororo wa uchumi" unatosha, ila mwenzangu ninayefanya naye kazi anashikilia "kudumaa". Humo humo kuna maji yanayozaliana mbu na mfanyakazi asiyepandishwa cheo, na wote wamepewa neno hilo hilo. Nichague lipi? Nataka msomaji aelewe bila kuhitaji kamusi.

Bi Msomaji:
Mwenzako yuko sahihi, ndugu yangu. Ukisema uchumi umedorora, msomaji anaelewa umeshuka. Magazeti hutumia "mdororo" pale pato la taifa linapopungua, na kipimo kilichozoeleka ni robo mbili za mwaka mfululizo. Hili lako si lazima kitu kishuke; kinachokosekana ni kusonga mbele. Angalia Japani. Faharisi ya Nikkei, yaani kipimo cha bei za hisa za kampuni kubwa za huko, ilikaribia 39,000 mwishoni mwa 1989, ikaanguka, na kile kilele hakikupitwa hadi Februari 2024. Katika miaka hiyo viwanda vilizalisha na watu walikwenda kazini kama kawaida, lakini mishahara ilibaki pale pale, bei nazo karibu hazikusogea. Mdororo ulikuja na kupita zaidi ya mara moja humo ndani. Ukikiita kipindi chote mdororo, unampa msomaji picha ya nchi iliyoporomoka miaka thelathini, na hilo halikutokea.

Mkereketwa wa Lugha:
Naongezea. Asili yake ni Kilatini, "stagnum", yaani dimbwi. Waingereza wamelichukua dimbwi hilo wakalipeleka hadi benki na ofisini. Sisi kila jambo lina kitenzi chake, tena kizuri, kwa hiyo usilazimishe neno moja. Maji yametuama. Mazungumzo ya amani yamekwama. Mfanyakazi wako hapandi wala hashuki, mwandike hivyo hivyo. Ukiandika "maji yaliyodumaa" watu watashangaa.

Hoja kwa Hoja:
Mimi "kudumaa" kunanitatiza. Anayedumaa ni mtoto asiyefikia kimo chake. Japani ilikuwa tayari tajiri, imedumaa vipi? Bora "mkwamo wa uchumi".

Bi Msomaji:
Hoja nzuri, mkuu. Basi kinachodumaa kiwe ukuaji: "ukuaji wa uchumi ulidumaa". "Mkwamo" naukubali pia, ila unaashiria kusimama kabisa, na uchumi mara nyingi unakuwa bado unajikokota.

Kalamu Nyepesi:
Asanteni sana, nimeshaanza kurekebisha. Kuna pengine wameandika "secular stagnation". Hapo niseme isiyo ya kidini?

Mkereketwa wa Lugha:
Hapana, hapo dini haihusiki kabisa! Kwa wanauchumi "secular" ni jambo la muda mrefu, lisilofuata kupanda na kushuka kwa kawaida. Msemo huo ni wa Alvin Hansen, mchumi wa Marekani, mwaka 1938, akihofia kwamba idadi ya watu inakua polepole na uwekezaji utapungua. Larry Summers, naye mchumi wa Marekani, akaufufua 2013. Andika "kudumaa kwa ukuaji kwa muda mrefu". Na ukikutana na "stagflation", usiliandike kwa matamshi ya Kiswahili, halitamsaidia mtu. Ni hali ya miaka ya 1970, mafuta yalipopanda: ukuaji umedumaa, ajira hakuna, na bei zinapaa kwa pamoja. Ieleze kwa sentensi nzima mara ya kwanza, msomaji atakufuata.

Kalamu Nyepesi:
Nimeandika: "Tangu miaka ya 1990 ukuaji wa uchumi wa Japani ulidumaa, ingawa nchi ilibaki miongoni mwa matajiri wa dunia." Imekaa sawa?

Hoja kwa Hoja:
Imekaa. Weka "umedumaa kwa muda mrefu" badala ya "ulidumaa", maana umeanza na "tangu". Mimi nimeridhika.