Nairobi hadi New York: mama atakaa angani kwa muda gani hasa?

BintiKisauni
Hamjambo ndugu zangu. Mamangu ana miaka 71, na Januari anakwenda New York kumpakata mjukuu wake wa kwanza. Tumemkatia tiketi ya ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Tiketi inasema ataondoka saa tano u nusu usiku, atafika saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Nikihesabu napata saa saba. Kakangu anabisha, asema ni zaidi ya hapo. Safari ndefu kabisa ya mama ilikuwa Jidda alipokwenda Hija, na hata hiyo ilimvimbisha miguu. Tena ana dawa za presha, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Nataka nimwambie ukweli kabla hajapanda.

MwalimuWaRamani
Kakako yuko sawa, binti yangu. Kila saa iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya mji wenyewe. Januari New York iko nyuma yetu kwa saa nane, kwa hiyo hizo saba zako ongeza nane: saa 15.

Umbali ni kama kilomita 11,800. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi kwa uzi juu ya tufe: ukiuvuta ukakaza, unakwenda kaskazini-magharibi, unakata Sahara, ndipo unaingia Atlantiki. Ndege kama Dreamliner hukimbia karibu kilomita 900 kwa saa, basi ungetegemea saa 13. Zinazozidi huliwa na kuzunguka uwanjani, kupaa na kushuka, na zaidi ya yote upepo mkali wa juu unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa kwenda unaipinga ndege, wakati wa kurudi unaisukuma. Ndiyo maana kurudi ni kama saa 14.

MamaWawili_NJ
Dada, mimi nilimleta mamangu kwa njia hiyohiyo. Usimpitishe Doha kwa sababu ya bei. Ni zaidi ya kilomita 14,000, na kwa mtu mzima kule kushuka na kupanda tena ndiko kunakochosha.

Piga simu kwa shirika siku mbili kabla, omba kiti cha magurudumu. Hakina malipo, na kitamvusha foleni ya uhamiaji. Mchukulie siti ya kando ya njia, ainuke kila baada ya muda atembee hadi nyuma. Kuhusu soksi za kubana miguu, muulize daktari wake kwanza.

Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi, zisiingie kwenye sanduku! Saa yake ya mkononi asiigeuze. Ikionyesha saa mbili asubuhi atakuwa bado angani, ameze. Ile ya usiku itaangukia saa sita mchana ya New York, akiwa ameshafika. Baada ya hapo daktari amwelekeze jinsi ya kuzihamishia kwenye saa za huku.

BintiKisauni
Mungu awalipe. Nimemsomea yote. Hizo saa 15 hazikumshtua, amesema hata mkesha wa arusi ni mrefu. Kilichomshughulisha ni udhu na swala humo ndani. Aliyewahi kuswali kwenye ndege ya usiku kama hii anieleze alivyofanya, na Alfajiri aliijuaje.