Swali la sayansi linabeba watoto wa kabila moja, nalijuaje?

ticha_mwambao: Wakuu habari za jioni. Nafundisha sayansi la saba huku Kigoma, watoto mchanganyiko Waha, Wabembe, Wamanyema. Kwenye moko kulikuwa na swali kwa nini wavuvi wa dagaa hawaendi ziwani siku za mbalamwezi, Wabembe karibu wote wamepata, Waha kibao wamekosa. Mwenzangu anasema hawasomi tu, mi naona swali lenyewe lina upendeleo. Nahakikishaje?

hesabu_kwanza: Ticha usilinganishe asilimia za kundi zima, mtabishana mpaka asubuhi. Wapange kwa alama za mtihani wote, wa 10 mpaka 19 fungu lao, wa 20 mpaka 29 fungu lao, alafu ndani ya kila fungu angalia hilo swali moja. Wenye alama sawa lakini kundi moja linapata jingine linakosa, na inajirudia fungu kwa fungu, hapo swali lina jambo. Ndo kazi ya kanuni ya Mantel na Haenszel ya 1959, ilitoka kwenye utafiti wa magonjwa, watu wa mitihani Marekani wakaichukua miaka ya 80. Ila darasa moja ni dogo, azima karatasi za shule jirani.

mrina_asali_Tbr: Kabila tena jamani? Muha wa Ujiji baba ake ana mtumbwi atalipata tu hilo. Uliza kwao wanafanya kazi gani. Huku Tabora tuliweka swali la moshi na nyuki, watoto wa warina asali wakajibu huku wanacheka, wa mjini wametoa macho.

ticha_mwambao: Nimerudi, nimepanga za shule mbili. Fungu la 20 mpaka 29, wa mwambao 11 kati ya 13 wamepata, waliohamia toka milimani 4 kati ya 14. Na Waha wa mwambao wamepata wote, mrina umenishika hapo 😅 Swali la hadubini nalo nililishuku, ila tofauti imepotea kabisa, nilikuwa nalionea.

hesabu_kwanza: Basi la dagaa linapima nani kakulia ziwani, sio mwanga. Waambie kwanza kwamba wavuvi huwasha taa usiku ili dagaa wasogee, ndo uulize kwa nini mbalamwezi taa hazivuti.

ticha_mwambao: Narekebisha hivyo. Wengi waliokosa waliandika "dagaa watawaona wavuvi", na mwenzangu aliwapiga sifuri huku anacheka.